Kukhu Anakusalimia kwa Mkono wa Kushoto

Shieywe, Jumapili alasiri

Imali mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda sokoni kusukwa nywele, na mlangoni umeniachia onyo: "Mama, usiguse sanduku langu, nimeshalipanga." Sijaligusa. Nimekaa hapa mezani ninapofanyia kazi zangu za shule, na mbele yangu kuna kitu nilichokuwa nimekuficha juu ya kabati tangu jana. Kinakauka. Hakuna ninachoweza kufanya ila kungoja, na mimi unanijua, kungoja kunanishinda. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wa bweni wala mahali pa kuanika nguo. Hayo unayajua, na usiyoyajua utaambiwa na wenzako kwa kelele. Nataka kukuandikia kuhusu ukuta wa jikoni, na kuhusu picha.

Nianze na ukuta. Jumanne niliingia jikoni kutafuta chumvi, nikafunga mlango kwa sababu ya upepo, na nyuma ya mlango nikakuta maandishi ya chaki. Irabu zote, a mpaka u, kubwa kubwa, na ile a imelala chali kama kuku aliyefungwa miguu. Nikadhani ni mtoto wa jirani amekuja kuchezea hapo. Kisha nikaona chini yake: Mwalimu Imali. Mwalimu Imali. Mwalimu Imali. Jina limerudiwa hadi karibu na sakafu, na kila mstari umenyooka kidogo kuliko ule wa juu yake. Mwandiko wako ninaujua, mwanangu. Nimeupenda tangu ulipoanza kuandika. Ule haukuwa mwandiko wako. Ulikuwa mwandiko wa mkono wako wa kulia.

Sikukuuliza, kwa sababu nilijua ulikotoka. Nilikumbuka ile siku ulipokuwa ukisaidia kwenye chekechea, yule mzazi aliposimama dirishani akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Huyu mwalimu wa kushoto atatuharibia watoto." Ulirudi nyumbani ukanisimulia ukicheka, ukaigiza hata namna alivyoshika mwavuli. Na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilifikiri tukishacheka jambo limekwisha. Kumbe wewe ulikuwa umelibeba. Kesho unakwenda Machakos kusomea ualimu wa watoto wadogo, na naona umekusudia kushuka huko ukiwa mtu wa mkono wa kulia.

Mkono ni wako na uamuzi ni wako. Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia, kwa sababu aliyeniambia alinipa sharti. Sharti hilo lilitimia Jumanne, nyuma ya mlango wa jikoni.

Ili ulielewe lazima nirudi kwenye picha, na kwenye picha ni wewe uliyetuingiza. Ulikuwa kidato cha tatu. Ulirudi likizo na kipande cha kitambaa kizito, cheupe, kimevutwa juu ya fremu ya mbao, na juu yake kuna picha ya mti mkubwa wa kule msituni. Nikauliza, "Umechora?" Ukasema, "Sijachora, mama. Ni picha ya simu. Imehama kutoka kwa karatasi." Nikakucheka. Nikakuambia picha haina miguu.

Ukanionyesha. Ukapaka gundi nyeupe kwenye kitambaa, ukalaza juu yake picha iliyotolewa fotokopi, uso chini, ukaisawazisha kwa rula kuanzia katikati kwenda pembeni, ukaiacha ikauke mpaka kesho yake. Ikawa karatasi nyeupe tu iliyogandia kitambaa. Nikasema moyoni, huyu mtoto ameharibu gundi. Kisha ukaloweka kidole majini, ukaanza kusugua pole pole, na ile karatasi ikawa inatoka kwa vipande vidogo vilivyojiviringa kama minyoo, na chini yake pakatokea jani. Kisha tawi. Nilikuwa na ugali jikoni, ukaungua, na sikujali.

Tangu siku hiyo wewe uliendelea na masomo yako, lakini mimi nilikamatwa. Nilitaka kujua. Wino unajuaje kubaki wakati karatasi inaondoka? Kwa nini unashika kitambaa na kuacha mahali ulipozaliwa? Nilimuuliza mwalimu wetu wa sayansi katika darasa la jioni, akasema wino wa mashine ya fotokopi ni unga unaoyeyushwa kwa joto ukakaa juu ya karatasi, haukuingia ndani, ndiyo maana gundi inaweza kuuchukua. Darasa zima likageuka kuniangalia. Watu wazima tuliorudi shule hatuulizi sana maswali, tunaogopa kuonekana tumechelewa. Siku ile nilisahau kuogopa.

Nilikosea mara nyingi, na nyingine hukuziona kwa sababu ulikuwa bwenini. Mara ya kwanza nilichapisha picha ya babu yako kwa mashine ya jirani, ile ya wino wa maji. Nilipoanza kusugua, babu yako akageuka bluu, kisha akatiririka mezani. Mara ya pili nilitumia gundi ya watoto wa shule, na maji yalipoigusa ikaamka yote, ikatoka na picha pamoja. Ndipo fundi wa mbao akaniambia nitumie ile anayounganishia viti.

Mara ya tatu nilifanya kila kitu sawasawa. Ilikuwa picha yako ya utotoni, umekaa kwenye karai la maji. Karatasi ilianza kutoka vizuri, nikaona jicho, nikaona shavu, na hapo mikono ikashikwa na pupa. Nilitaka kukuona mzima mara moja. Nikasugua kwa nguvu, kwa kitambaa badala ya kidole, na sikio lako la upande mmoja likaondoka na karatasi. Mpaka leo picha hiyo iko ukutani bila sikio, nawe huwa unawaambia wageni kwamba ulilipata baadaye sokoni.

Nimelifikiria sana sikio lile. Mimi nimekuwa mtu wa kusugua kwa nguvu. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, na watu walinong'ona kwamba nimekosea. Sijakuona hivyo hata siku moja. Mahali nilipokosea ni pengine: nilikata shauri siku ile ile kwamba shule imekwisha. Nilichoma daftari zangu. Hakuna aliyenituma. Kukhu wako, yaani mama yangu, alinikuta jikoni nikizitia motoni moja moja, akaniuliza, "Unapika nini na hizo?" Nikamwambia sina haja nazo tena. Akasema, "Sawa. Lakini mimi nimepita shuleni leo asubuhi, na sikuona wakiihamisha." Akachukua kuni zake akaenda. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa ananingoja. Hakunisukuma. Alikaa tu akitazama kama karatasi itatoka yenyewe.

Basi sasa nifike kwenye picha ya kukhu.

Unakumbuka sherehe ya maombi ulipomaliza kidato cha nne, kule nyumbani karibu na Isecheno. Binamu yako aliingia langoni akiwa ameinua simu, akapaza sauti, "Kukhu, mulembe!" Na kukhu, bila kujua kwamba anapigwa picha, akanyoosha mkono wake wa kulia kumsalimia. Ndiyo picha ile: kukhu anatazama mbele kabisa, mkono umenyooshwa kwa yeyote anayeangalia, na kando yake uko wewe na jagi la maji ya kunawia, umeinama kidogo kumwelekea, unacheka. Jagi umelishika kwa kushoto, kama kawaida yako.

Nilitaka picha hiyo iwe kubwa sebuleni. Nilipata kitambaa, fundi akanitengenezea fremu ya mbao za mkangazi zilizobaki kwenye kitanda cha mtu, nikapaka rangi nyeupe ya ukuta kwanza ili pawe laini. Safari hii nilisugua kwa siku tatu. Kila ikikauka ukungu mweupe unarudi, naloweka tena, nasugua tena, kidole tu, mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto. Hakuna sikio lililotoka. Nikaitundika. Nilijivuna, Imali. Nilikaa kwenye kiti nikaiangalia kama mtu anayeangalia televisheni.

Siku iliyofuata akaja Senje Robai, dada yake marehemu babu yako. Unamjua, hata kabla hajaketi ameshaona kila kitu kilicho ndani ya nyumba. Akasimama mbele ya picha, mkoba bado begani.

"Na huyu mzee anatusalimianga na mkono gani?"

Nikatazama. Wa kushoto. Karatasi inalazwa uso chini, kwa hiyo kila kitu kinageuka, cha kulia kinakuwa cha kushoto. Wewe ulinifundisha hilo, ukaniambia picha igeuzwe kwanza kwenye kompyuta kabla ya kuchapishwa. Kwa mti wa msituni haikuwa na maana yoyote, mti hauna mkono. Kwa hiyo nilikuwa nimesahau. Na sasa kukhu wako, mama wa kanisa, mtu aliyekufundisha kupiga goti ukimpa mkubwa maji, alikuwa amesimama sebuleni kwangu akimpa kila mgeni mkono wa kushoto.

"Ni picha imegeuka, Senje," nikasema.

"Imegeuka! Haya, na mimi nikikuja na chapati nikupatie kwa mguu, nitasema mguu umegeuka?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Toa hiyo kitu mama yako asione. Atasema umemtukana."

Sikuwa na moyo wa kuitoa. Nilisugua siku tatu. Nikaigeuza tu, uso ukaangalia ukuta, nikajiambia nitatafuta la kufanya.

Na kukhu akaja wiki hiyo hiyo, bila kutuma habari, na mkungu wa ndizi. Alikuwa bado hajatua mzigo.

"Kwani huyo amefanya nini mpaka mkamwambia aangalie ukuta?"

"Ni picha, mama. Iliharibika."

"Iliharibika namna gani? Geuza nione."

"Mama, kaa kwanza, nikuletee chai."

"Chai itakuja. Geuza."

Nikageuza. Nilikuwa tayari kwa maneno makali. Aliweka ndizi chini polepole. Akasogea karibu, akatazama, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyekutana na mtu njiani. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye picha, akiwa amesahau kwamba niko pale, na mkono alionyoosha ulikuwa wa kushoto. Akaniuliza bila kunigeukia:

"Ni nani alikuambia?"

"Aliniambia nini, mama?"

"Habari ya mkono."

Nikamwambia hakuna aliyeniambia kitu, ni makosa yangu ya kutogeuza. Akakaa. Akaanza kucheka, kicheko kile chake kisicho na sauti ambacho kinatikisa mabega tu. Na akanieleza, Imali, huyu mama ambaye nimekaa naye maisha yangu yote.

Alizaliwa kama wewe. Alipoanza kula mwenyewe, alichukua ugali kwa kushoto, na kukhu wake yeye, aliyemlea, akasema hilo halitakubalika mbele ya wageni. Kila wakati wa chakula alimfunga mkono huo ubavuni kwa ukamba wa mgomba, fundo nyuma ambako hawezi kufika. Akisahau na kujaribu kuuchomoa, obusuma wake, ule ugali, unakwenda kwa kuku.

"Ulilia?" nikamuuliza.

"Nilie na nini? Nilikuwa na njaa. Mkono wa kulia ulijifunza haraka sana. Njaa ni mwalimu mkali." Akacheka tena. "Lakini nikishtuka, mpaka leo, huu ndio unatangulia."

"Na huu wa kushoto umekuwa ukifanya nini miaka hiyo yote?"

"Huu? Huu unafanyanga kazi yake tukiwa wawili tu, mimi na yeye."

Ndipo kumbukumbu zikanijia zote kwa pamoja, moja ikivuta nyingine. Kukhu wako nyuma ya nyumba ananoa panga: kushoto. Kukhu anamenya ndizi akiwa peke yake jikoni: kushoto, na nikiingia kisu kinahama, kinahama vizuri kabisa bila haraka, kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwingine. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu utoto. Nilikuwa nayo mbele ya macho, na yalikuwa yamefunikwa na karatasi.

Na nikakumbuka jingine, linalokuhusu wewe. Ulikuwa bado hujajua kuongea vizuri. Siku hiyo kulikuwa na watu, na Senje Robai alikuona umeshika kijiko kwa kushoto, akakihamisha. Ukakirudisha. Akakihamisha tena. Kukhu alikuwa upande wa pili wa meza. Unajua alivyo mkali: usisimame mlangoni, usiongee na chakula mdomoni, usitaje jina la mkubwa hivi hivi. Sote tulitegemea akugombeze. Akasema, "Robai, mwache mtoto ale." Senje akasema, "Lakini wifi yangu, watu watasema." Kukhu akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, "Mwache ale." Na tangu hapo hakuna mtu katika nyumba ile aliyegusa mkono wako. Nilishangaa kwa miaka. Nilifikiri ni mapenzi ya kawaida ya kukhu kwa mjukuu.

Siku ile ya picha nilimuuliza. Akasema, "Salamu nilimfundisha atoe kwa kulia, ili watu wasiudhike. Hiyo ni heshima, haimpunguzii kitu. Lakini kula, na kuandika, na kushona, hayo ni yake. Mimi nilipotezewa mwandiko wangu kabla sijauona. Nilitaka kuona wa huyu utafanana vipi."

Nataka usome sentensi hiyo mara mbili, mwanangu. Alitaka kuona. Wakati wewe unajaza daftari zako pale mezani kwake, yeye alikuwa anakaa karibu akijifanya anachambua mchele, na mchele wenyewe ulikuwa umeshachambuliwa. Alikuwa anaangalia mkono wake mwenyewe ukienda shule.

Nilisema nitakuambia mara moja. Akanikataza. "Ukimwambia sasa ataanza kuuangalia mkono wake kama mgeni aliyekuja nyumbani. Sasa hivi hajui kama anao. Mwache. Siku utakayomwona anauficha, hapo mwambie." Hilo ndilo sharti. Kisha akasimama, akaondoa picha msumarini kwa mikono yake. "Na hii naenda nayo." Baadaye ukaniuliza iko wapi, nikakuambia iliharibika. Iko chumbani mwa kukhu, mahali ambapo hata mimi siingii. Senje Robai alifaulu kuiona siku moja mlango ulipoachwa wazi, akauliza tena kuhusu ule mkono. Kukhu akamjibu, "Huyo si mimi. Huyo ni pacha wangu."

Jumatano nilipanda kwenda kwake. Nikamwambia habari ya ukuta na chaki. Akapapasa kifundo cha mkono wa kushoto, kisha akasema, "Mwambie. Na umpelekee huyo pacha."

Basi nikarudi mjini na picha ile ile kwenye simu, nikaenda saiba, pale wanapochapisha kwa kompyuta. Dada anayehudumia pale ameshanizoea. Akaniuliza, "Mama, leo nikugeuzie ama nikuachie hivyo?"

Hebu fikiria nawe. Nikiacha picha bila kuigeuza, kwenye kitambaa kukhu anatokea na mkono wake wa kweli, ule wa kushoto. Lakini wewe uliye kando yake unageuka pia, na jagi linaonekana umelishika kwa kulia. Nikiigeuza, wewe unakuwa wewe, na kukhu anarudi kwenye mkono aliofundishwa kwa ukamba wa mgomba. Upande wowote nitakaochagua, mmoja wenu anakuwa mtu mwingine. Nilisimama pale mpaka watu wakaanza kunong'ona nyuma yangu.

"Mama, tunafanyaje? Kuna laini hapa."

"Nipe zote mbili," nikasema.

Nilikuja nazo nyumbani nikaziweka mezani, moja iliyogeuzwa na moja isiyogeuzwa. Nilizizungusha mpaka kichwa kikauma. Kisha nikachukua mkasi. Kwenye karatasi iliyogeuzwa nilimkata kukhu, nikamtoa, pakabaki shimo lenye umbo lake. Kwenye ile nyingine nilimkata kukhu yule yule, taratibu, kufuata kitambaa cha kichwa, bega, na ule mkono ulionyooshwa, nikamlaza kwenye shimo. Hakuenea sawasawa, kwa sababu umbo lake lilikuwa limegeuka. Ilibidi nijaze pembeni kwa vipande vya majani ya ua wa nyumbani. Nilitumia kitambaa kidogo, ukubwa wa kitabu cha kuandikia, nikakigandisha juu ya ubao mwembamba kisikunjike safarini. Nikapaka gundi, nikalaza vipande vyote uso chini, nikavisawazisha kuanzia katikati kwa rula yako ya zamani ili hewa isibaki, maana mahali penye hewa panabaki peupe.

Na sasa kiko mbele yangu. Kinaonekana kama karatasi nyeupe yenye mistari ya mkasi. Ndani yake, kama nimefanya vizuri, mko wawili, wewe na kukhu, na wote mnatumia mkono wa kushoto, jambo ambalo halijawahi kutokea mbele ya watu hata siku moja.

Sijui kama mshono utaonekana. Sijui kama kidole cha kukhu kilichopita kwenye mkasi kitatoka kizima. Sijui kama yale majani yatafanana na majani. Sijawahi kufanya kitu kama hiki, na mikono inaniwasha niloweke kidole nianze kwenye kona moja tu, kona ndogo, nione. Gundi imekauka vya kutosha. Wewe hutarudi kabla ya jua kushuka. Hakuna ambaye angejua.

Lakini nimepatazama mahali pa sikio lako pale ukutani, nikayaacha maji.

Nitakitia kwenye sanduku lako katikati ya mashuka mawili, kama kilivyo, na karatasi yake juu. Samahani, nimevunja amri yako ya kutogusa. Ukishazoea chumba, ukiwa na siku isiyo na haraka, chukua maji kwenye bakuli. Usitumie kitambaa. Tumia ncha ya kidole, duara ndogo ndogo, na ukiona karatasi inakataa, iache ikauke, urudi kesho. Ukungu utarudi kila inapokauka, usiogope, si kwamba umeharibu. Anza na kukhu, kwa sababu ndiye aliyengoja zaidi. Na kama mshono utaonekana kati yenu, basi uonekane, nitakuwa nimejifunza kitu. Nipigie uniambie. Niambie kila kitu, hata rangi ya majani. Mimi nitakuwa hapa na maswali yangu, na Jumatatu jioni nina mtihani wa sayansi kuhusu mwanga na vioo, na kwa mara ya kwanza naona nitaujibu vizuri.

Ukuta wa jikoni sijaufuta. Nikiusoma kuanzia juu kwenda chini naona umejitahidi, na ule mstari wa mwisho karibu na sakafu unasomeka. Ukifika huko ukaamua kuandika ubaoni kwa mkono huo, nitaelewa, na kukhu ataelewa kuliko mimi. Nilitaka tu ujue kwamba kuna mtu aliwahi kufanya uamuzi huo akiwa amefungwa, na wewe hujafungwa.

Nimekusikia langoni, unaongea na jirani kuhusu bei ya kusukwa. Nina muda wa mistari michache.

Mistari hii na jina langu hapa chini nimeviandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu nilitaka kujua. Unaona herufi zilivyolala. Jasho limenitoka kwa maneno haya machache, nawe umefanya hivi mstari baada ya mstari gizani nyuma ya mlango, peke yako.

Mama